Karatasi ya Juzuu na Gunia la Mkaa

Ndugu Waislamu, wazazi wa hapa Mnero hutuuliza: vitabu vya watoto wa chuoni vikipigwa chapa kwa kubana karatasi, je, miti huokoka kweli, au twajifurahisha kwa maneno?

Na tuhesabu. Kitabu cha kurasa 32 kwa watoto 100, kila ukurasa ukichukua karatasi yake ya A4, hula karatasi 3,200. Karatasi ikikunjwa katikati na kupigwa chapa pande zote mbili, hubeba kurasa nne. Basi 800 zatosha. Karatasi 500 za kawaida zina uzito wa kilo 2.5, hivyo tumeokoa kilo 12, na fedha za wazazi pia.

Lakini tusijidanganye. Kilo moja ya karatasi nyeupe hutaka kiasi cha kilo mbili za mti mkavu, au zaidi kidogo. Tulichookoa ni kama kilo 25 za mti. Gunia moja la mkaa la kilo 50, kwa tanuru zetu za kienyeji, hula kilo 250 na kuzidi. Abanaye karatasi chuoni na kumwaga mkaa jikoni ameziba tundu la sindano, mlango ukawa wazi.

Wala si kila kubana ni kwema. Herufi zikifanywa ndogo hata mtoto asione nukta na irabu, atasoma makosa, na kitabu kitapigwa chapa upya. Hiyo ndiyo israfu.

Jalada la plastiki nalo lina neno lake. Juzuu zikichakaa hatuzitupi jaani. Twazizika mahali safi kwa kuzistahi. Karatasi huoza ikawa udongo, plastiki hubaki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini ardhi haiulizi kama hiki ni kifuko au ni jalada.

Wazee wetu walisomea ubao: wakaandika, wakahifadhi, wakaosha, wakaandika tena. Ubao mmoja ulisomesha ndugu kwa ndugu. Hapo ndipo penye faida kubwa, yaani chombo kudumu. Kitabu kishonwe kwa uzi, kivikwe kitambaa, na mkubwa akihitimu amwachie mdogo wake. Kitabu kimoja kikisomwa na watoto watatu, vitabu viwili vizima havikuhitajiwa.

Basi jibu letu ni hili: kidogo husaidia, madhali hakitufanyi tukasahau kikubwa. Enyi vijana, tunzeni vitabu vyenu. Nanyi wazazi, litazameni gunia la mkaa kama mnavyoitazama karatasi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalifu wa neema zake. Amin.