Damu Moja, Namba Mbili

Majira ya kupukutika yakifika Auderghem, majani ya Msitu wa Soignes huoza kwa malundo karibu na Rouge-Cloître. Humo hustawi aspagilasi, ukungu ambao vumbi lake tunalivuta sote bila kudhurika. Lakini aliyeachiwa shimo pafuni na kifua kikuu, ukungu huo unaweza kuweka makazi humo. Dawa yake mojawapo, itrakonazoli, iligunduliwa Beerse, chini ya kilomita 100 kutoka hapa, katika kampuni ya Paul Janssen.

Ni dawa isiyotabirika. Ukimeza kapsuli zake bila chakula, hufika kidogo kwenye damu. Rifampisini ya kifua kikuu nayo hulichochea ini liivunje hadi ikaribie kwisha. Ndiyo maana lazima ipimwe.

Kipimo ninachokipenda ni cha sahani. Jeli huchanganywa na chachu ya kandida, hutobolewa vishimo, kisha seramu ya mgonjwa hudondoshwa humo. Sahani hulala kwenye joto usiku kucha. Asubuhi jeli yote imefifia kwa chachu iliyoota, isipokuwa kuzunguka vishimo: pale pana duara angavu linalopitisha mwanga. Chukua rula. Duara likipanuka, dawa ni nyingi.

Damu hiyohiyo ipeleke kwenye mashine ya kromatografia. Sahani imesema miligramu 5 kwa lita. Mashine yaweza kusema nusu miligramu, na hakuna aliyekosea. Ini hugeuza itrakonazoli kuwa haidroksi-itrakonazoli, nayo huzuia kuvu vilevile. Mashine huzitenga, kila moja na namba yake. Chachu haitengi; inazuiwa na zote mbili.

Kinachoniudhi ni majibu yanayoandikwa namba tupu. Miligramu 4 za mashine ni nyingi, zinakaribia kumdhuru mgonjwa. Miligramu 4 za sahani hazijamkinga. Jina la kipimo likikosekana, daktari atapunguza dozi ya mtu anayehitaji kuongezewa.

Sahani ina kasoro: mgonjwa akitumia dawa mbili za kuvu, duara huwa la zote. Hata hivyo, kuitupa ni uharibifu. Gulu, Uganda, watafiti wamekuta ugonjwa wa mapafu wa aspagilasi kwa waliokwisha kutibiwa kifua kikuu, na hospitali nyingi za huko hazina mashine ile. Jeli, chachu na rula vinapatikana.

Dawa nyingine za kuvu hupimwa pia: vorikonazoli, posakonazoli, na flusitosini ya homa ya uti wa mgongo ya kuvu, ambayo ikizidi hudhoofisha uboho.