Kuiongezea Nguvu Mota ya Kicheza Santuri

Kazi ya kicheza santuri huonekana nyepesi, kwa kuwa chombo hiki hakitakiwi kufanya zaidi ya kuizungusha santuri kwa mwendo usiobadilika huku sindano ikifuata mfereji uliochongwa juu yake. Lakini kuupata mwendo huo ni jambo lililowashughulisha wahandisi kwa zaidi ya karne moja. Kwa miaka mingi mota ndogo iendayo kasi iliunganishwa na sahani, yaani bamba zito la duara linaloibeba santuri, kwa mkanda wa mpira au kwa gurudumu dogo la mpira lililousukuma ukingo wa ndani wa bamba hilo. Mpira hulegea na kukauka, na kila kasoro yake husikika katika muziki. Mwaka 1970 kampuni ya Matsushita ya Osaka, Japani, ilitoa kwa jina la biashara la Technics chombo kilichoitwa SP-10, ambacho mota yake iliizungusha sahani moja kwa moja bila mkanda wala gurudumu. SL-1200 ilifuata mwaka 1972, na toleo lake la MK2 la mwaka 1979 ndilo lililoenea katika kumbi za dansi na vituo vya redio duniani kote, hata likawa kipimo cha kuvipimia vicheza santuri vingine.

Anayeinyanyua sahani ya SL-1200MK2 kwa kuingiza vidole katika matundu yake mawili hukuta kwamba mota aliyoitarajia haipo. Chini ya sahani imefungwa sumaku ya mviringo, na kwenye mwili wa chombo zimebaki koili, yaani misokoto ya waya wa shaba, ambazo zikipitishiwa umeme kwa zamu huivuta na kuisukuma sumaku hiyo. Sahani, kwa hiyo, ni nusu ya mota yenyewe. Hakuna gia wala brashi za kaboni. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika inapokamilisha mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, mota nayo imezunguka mara moja tu.

Nguvu ya kuzungusha haipimwi kwa kilo peke yake, kwa kuwa msukumo uleule hufanya kazi kubwa zaidi kadiri unavyokuwa mbali na mhimili, kama anavyojua kila aliyewahi kuhangaika na nati iliyokaza kwa spana fupi kisha akaifungua kwa urahisi kwa spana ndefu. Kipimo chake hupatikana kwa kuzidisha msukumo na umbali kutoka mhimilini, na katika maelezo ya vicheza santuri huandikwa kwa kilogramu-sentimita. Mtengenezaji wa SL-1200MK2 alitaja 1.5, namba ambayo haieleweki vizuri mpaka ihamishiwe kwenye kidole. Santuri ya inchi 12 ina nusu kipenyo cha takriban sentimita 15, hivyo kidole kinachoukinza ukingo wake kinahitaji nguvu ya gramu 100 tu, uzito wa mayai mawili madogo, ili kuishinda mota. Kikikinza kwenye ukingo wa lebo, sentimita 5 kutoka katikati, kitahitaji gramu 300. Kwa mwendo wa kawaida wa santuri, nguvu yote hiyo ikitumika ni sawa na nusu wati ya kazi. Mota ambayo sifa zake zimetangaa hivi ni dhaifu kuliko feni ndogo ya mezani, na udhaifu huo ulichaguliwa kwa makusudi.

Haja ya kuiongeza nguvu hiyo haikutokana na wasikilizaji wa sebuleni. Ilitokana na vijana wa Bronx, New York, ambako Kool Herc, katika sherehe ya Agosti 1973 inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, alitumia vicheza santuri viwili ili kurefusha kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikipenda, na ambako miaka michache baadaye Grand Wizzard Theodore aligundua ufundi wa kuikwaruza santuri mbele na nyuma kwa mkono. Kwa kazi hiyo ma-DJ huweka kati ya sahani na santuri kitambaa laini cha sufu iliyoshindiliwa, ili mkono unapoizuia santuri, sahani iendelee kuzunguka chini yake. Kitambaa huteleza, lakini si kabisa. Mkono unapobonyeza kwa nguvu, sahani hupungua mwendo, na ikipungua, santuri inayoachiwa huanza kwa kusuasua na pigo la ngoma hufika likiwa limechelewa. SL-1200MK2 hufikia mwendo wake kamili kutoka kusimama kwa sekunde 0.7, na nguvu ikiongezwa mara mbili huku uzito wa sahani ukibaki uleule, muda huo hupungua hadi karibu nusu. Kwa anayecheza kwa mikono, tofauti hiyo ni kubwa, na kuitamani si anasa.

Katika mota ya aina hii nguvu ya kuzungusha hulingana moja kwa moja na mkondo wa umeme unaopita katika koili, na kwa sababu sahani huzunguka polepole mno, sumaku haizalishi volti nyingi za kuupinga mkondo huo. Kinachouzuia ni upinzani wa waya wa koili pamoja na kikomo alichokiweka mbunifu. Katika saketi nyingi za kuendesha mota, kikomo hicho hushikwa na rezista ndogo, mara nyingi ya chini ya omu moja, ambayo mkondo wote wa mota hupita ndani yake. Saketi ya kuendesha husoma volti zinazojitokeza kati ya ncha zake mbili, na zikifika kiwango kilichopangwa, hukataa kuongeza mkondo. Rezista hiyo ikibadilishwa kwa nyingine yenye nusu ya upinzani, saketi itadanganyika na kuruhusu mkondo mara mbili. Sehemu ya bei ndogo, tone la lehemu, na nguvu imeongezeka. Urahisi huo ndio ulioviua vyombo vingi vizuri, kwa maana anayefanya hivyo amebadilisha kiungo kimoja cha mnyororo ambao viungo vyake vyote hubeba mzigo uleule.

Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya koili huongezeka mara nne, kwa sababu joto hufuata mraba wa mkondo. Waya wa koili umepakwa vanishi nyembamba inayotenganisha mzunguko mmoja na mwingine, na vanishi hiyo ikiungua hakuna cha kurekebisha isipokuwa kusuka koili upya. Kabla ya kufika kwenye koili, mkondo umepita katika chipu ya kuendesha mota, ambayo ina kiwango chake cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji na ambayo, katika vyombo vya miaka ya 1970 na 1980, haitengenezwi tena; ikifa, fundi hubaki kuitafuta katika vyombo vilivyochakaa. Kabla ya chipu kuna transista inayoziweka volti mahali pamoja, volti 21 katika SL-1200MK2, ikimwaga ziada yote kama joto kwenye bati lililoibeba. Nyuma yake kuna kapasita na transfoma. Transfoma iliyolemewa hushusha volti zake, na zikishuka hadi kukaribia zile 21, ile transista hukosa nafasi ya kufanya kazi na mitetemo ya umeme wa mtandao, mara 100 kwa sekunde palipo na umeme wa hezi 50, hupenya hadi kwenye mota. Matokeo ni kwamba chombo kilichoongezwa nguvu huanza kunguruma. Anayetaka kufanya kazi hii kwa haki hana budi kuanzia mwisho wa mnyororo: transfoma kubwa zaidi, ikiwezekana katika kisanduku cha nje, kisha transista za nguvu zinazopokea mzigo badala ya chipu, na rezista ile iwe ya mwisho kuguswa.

Wapo wanaoifuata njia nyingine, ya kupandisha volti bila kugusa kikomo cha mkondo, wakiamini kwamba volti nyingi ni nguvu nyingi. Ikiwa mkondo tayari umefika kikomo wakati wa kuanza, volti za ziada haziongezi hata gramu moja ukingoni mwa santuri. Zinageuka kuwa joto ndani ya chipu, na kapasita zilizoandikwa volti 25 hulazimishwa kubeba zaidi ya zilivyoandikiwa.

Upande ambao huzungumzwa kidogo, ingawa ndio wenye elimu kubwa zaidi, ni wa udhibiti. Ndani ya chombo kipande cha kwatzi, jiwe linalotetema kwa idadi ileile ya mara kila sekunde linapopewa umeme, hutoa mapigo ya kulinganishia, na sahani nayo inapozunguka hutoa mapigo yake. Saketi huyalinganisha mapigo hayo mfululizo, ikiongeza mkondo sahani inapochelewa na kuupunguza inapotangulia. Mbunifu alipima ukali wa marekebisho hayo kwa kuzingatia nguvu ya mota na uzito wa sahani kwa pamoja. Mota ikiongezewa nguvu na udhibiti ukaachwa vilevile, kila rekebisho huwa kali kupita kiasi, na sahani hufanana na jahazi ambalo mshika usukani wake anaukata usukani kwa nguvu kila linapotoka kidogo kwenye njia: hulirudisha, hulipitiliza upande wa pili, hulirudisha tena, na jahazi haliendi moja kwa moja kamwe. Kuyumba huko kukiwa kwa polepole, sauti ndefu ya fidla au ya nai hupanda na kushuka kama inayotetemeka kwa baridi. Kukiwa kwa haraka, sauti hukwaruzika. SL-1200MK2 ilitangazwa kuwa na badiliko la mwendo la asilimia 0.025 tu, na fundi asiyerekebisha udhibiti anaweza kuiharibu sifa hiyo huku akifurahia nguvu mpya mkononi.

Dalili huonekana kwa macho. Ukingo wa sahani una safu nne za vitone zinazomulikwa na taa nyekundu inayowaka na kuzima haraka, na mwendo unapokuwa sahihi, safu iliyokusudiwa huonekana imesimama tuli. Baada ya mabadiliko, sahani huguswa kidogo kwa kidole kisha huachiwa. Vitone vinapaswa kurudi mahali pake na kutulia mara moja. Vikicheza mbele na nyuma kabla ya kutulia, kazi haijaisha, hata kama kidole kinasifu nguvu iliyopatikana.

Kwa anayesikiliza tu, hesabu haimpi sababu ya kuanza. Sindano hubonyeza santuri kwa uzito wa gramu 1.5 hadi 3, na msuguano wake ni sehemu tu ya uzito huo. Hata ukichukuliwa kuwa gramu 1 kamili kwenye ukingo wa nje, mzigo wake kwa mota ni kama kilogramu-sentimita 0.015, sehemu moja ya mia ya nguvu iliyopo. Muziki hauwezi kuichosha mota hiyo. Anayependa santuri za kale, kama zile ambazo mwimbaji Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, anahitaji mizunguko 78 kwa dakika, ambayo SL-1200MK2 haina, na hayo ni mabadiliko ya mwendo, wala si ya nguvu.

Mara nyingi pia kinacholalamikiwa kuwa ni udhaifu wa mota ni uzee. Kapasita zenye miaka 40 zimekauka, lehemu imepasuka nyufa zisizoonekana bila lenzi, mafuta ya mhimili yamegeuka gundi. Chombo kilichonunuliwa Japani, ambako umeme ni wa volti 100, kikiletwa Dar es Salaam au Mombasa hakiwezi kuchomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha, na kikiwa kimechomekwa mara moja kwa makosa, transfoma yake ya ndani ni ya kuchunguzwa kabla ya kingine chochote. Kipimo ni rahisi: uzi huzungushwa kwenye ukingo wa sahani na kufungwa kwenye mizani ndogo ya springi, chombo huwashwa, na mizani husomwa kwa sekunde chache tu kabla koili hazijapata moto. Nusu kipenyo cha sahani kikiwa sentimita 16.6, mizani ya SL-1200MK2 yenye afya itaonyesha karibu gramu 90. Ikionyesha 60, kinachohitajika ni ukarabati.

Viwanda vyenyewe vimekwisha kuijibu haja ya ma-DJ. Technics ilisimamisha uzalishaji mwaka 2010, lakini SL-1200G iliyotoka mwaka 2016 ilikuja na mota mpya isiyo na chuma katikati ya koili zake, yenye nguvu ya kilogramu-sentimita 3.3, na udhibiti uliobuniwa upya kwa ajili yake. PLX-1000 ya Pioneer, ya mwaka 2014, ilifika 4.5, ambayo ni gramu 300 kwenye ukingo wa santuri. Anayezihitaji gramu hizo kila usiku kazini atafanya vyema kununua chombo kilichozaliwa nazo. Fundi anayeamua, baada ya yote, kukifungua cha zamani, na achomoe waya ukutani, asubiri kapasita zitoke umeme, kisha kila rezista anayoiondoa aiweke katika kibahasha, aandike thamani yake na mahali ilipotoka, na kukibandika kibahasha hicho ndani ya kifuniko cha chini, ili atakayekuja kukirudisha chombo katika hali yake ya awali asilazimike kubahatisha.