Kompyuta peke yake haivushi mzigo mpakani
Na Mwandishi Wetu

ANAYELETA mchele Kigali kutoka Kahama anaijua vizuri Rusumo. Kwa miaka mingi alipanga foleni mara mbili. Kwanza aligongewa mihuri ya kutoka upande wa Tanzania, kisha akavuka daraja la mto Akagera na kuanza upya upande wa Rwanda, kwa maswali yale yale na fomu zinazotaka maelezo yale yale.

Wengi walidhani dawa yake ni kompyuta. Lakini kompyuta zilikwishafika. Rwanda, Uganda na Burundi zilichukua ASYCUDA, programu ya forodha ambayo UNCTAD, shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilianza kuitengeneza mwaka 1981. Kenya iliingiza mfumo wa Simba mwaka 2005, ambao asili yake ni Senegal. Tanzania nayo ilianza kutumia TANCIS mwaka 2014, kwa msaada wa wataalamu wa Korea Kusini.

Kila nchi ilijipatia chombo chake, ila vyombo hivyo havikuelewana. Karani wa Mombasa aliandika habari za mzigo, wa Malaba upande wa Uganda akaziandika tena, na wa Gatuna akaziandika mara ya tatu. Uzito ukikosewa tarakimu moja, au jina likikosewa herufi, lori hulala mpakani na mwenye mali huhesabu hasara.

Utaratibu wabadilishwa

Nafuu ilianza kuonekana pale nchi zilipokubali kubadili namna ya kufanya kazi. Mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Mwenye mzigo anatoa tamko na kulipa kodi katika nchi mzigo unakokwenda, kabla haujaondoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam. Maafisa wa forodha wa Rwanda walipelekwa kukaa kwenye bandari hizo. Serikali za ushoroba wa kaskazini zilitangaza kwamba safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kigali ilishuka kutoka wiki tatu hivi hadi wiki moja hivi.

Rusumo nayo ikafuata. Aprili 2016, Rais Paul Kagame na Rais John Magufuli walizindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani. Anayeingia Rwanda hasimami tena upande wa Tanzania. Huvuka moja kwa moja na kuwakuta maafisa wa nchi zote mbili katika jengo moja. Anayekwenda Tanzania hufanya hivyo hivyo upande wa pili.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lilihitaji sheria mpya inayompa afisa wa nchi moja uwezo wa kufanya kazi yake katika ardhi ya nchi jirani. Hakuna programu ya kompyuta ambayo ingeweza kutoa ruhusa hiyo.

Mchuuzi naye?

Tatizo ni kwamba mifumo hii ilipangwa kwa kumfikiria mwenye lori na wakala wa forodha. Mama mwenye magunia matatu ya vitunguu hana wakala. Akiona mlango umefungwa, atapita njia za panya, na huko akikamatwa hupoteza mali yote.

Kwa ajili yake upo utaratibu rahisi ambao wengi hawaujui. Bidhaa iliyolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na ambayo thamani ya shehena yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani. Ukiwa nacho hulipi ushuru wa forodha, wala huhitaji wakala.

Yapo mambo mawili yanayowaponza wachuuzi. La kwanza, uasili ni mahali bidhaa ilipotengenezwa, si dukani ulikoinunua. Simu ya China iliyonunuliwa Kariakoo haipati cheti hicho. La pili, cheti huondoa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine zinazoihusu bidhaa hubaki, na mazao bado yanatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea.

Wanaorejea nyumbani kuishi nao wana nafasi yao. Sheria ya forodha ya Jumuiya inasamehe ushuru kwa vyombo vya nyumbani ambavyo mtu anayehamisha makazi amekuwa akivitumia. Ni busara kuandika orodha ya vyombo hivyo kabla ya safari, na kutovichanganya na mali mpya ya kuuza, kwa kuwa mchanganyiko huo ndio unaozua mabishano na afisa.

Mtandao nao hukatika. Siku hiyo, mwenye nakala ya risiti, cheti na namba ya tamko lake ana la kumwonyesha afisa. Kwa wakuu wa forodha, kazi iliyobaki ni kubandika orodha ya bidhaa na masharti ya cheti mlangoni, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, mahali ambapo mchuuzi atayasoma kabla hajafikiria njia ya porini.