Tanzanaiti: Radi, Laana na Tanuri

Hadithi inayosimuliwa sana kuhusu tanzanaiti, kito cha buluu kinachochimbwa Merelani, wilayani Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, hudai kwamba radi ilipiga nyika, moto ukateketeza vichaka, na wafugaji wa Kimaasai waliopita baadaye wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka buluu. Kwa kuwa Wamaasai wa Simanjiro na wenzao wa Tuala, Kitengela na kwingineko Kajiado, nchini Kenya, ni jamii moja iliyogawanywa na mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1886, hadithi hiyo hunasibishwa nao wote kana kwamba ni urithi wa mababu.

Kisayansi, simulizi hilo lina chembe ya ukweli. Tanzanaiti ni aina ya zoisaiti, yaani madini yenye kalsiamu, aluminiamu na silika, na rangi yake hutokana na kiasi kidogo cha metali iitwayo vanadiamu. Mawe mengi hutoka mgodini yakiwa ya kahawia, nayo hugeuka buluu yanapotiwa tanurini kwa joto la takriban nyuzi 500 za Selsiasi. Hata hivyo, uchimbaji wake ulianza mwaka 1967, na jina lake likatolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968, ilhali mapambo ya Wamaasai kwa vizazi yalitegemea shanga, si vito vya kuchongwa. Hivyo ni rahisi zaidi kuamini kwamba radi ya hadithini ni tanuri la sonara lililovikwa shuka.

Almasi iitwayo Hope, yenye karati 45.52, karati moja ikiwa sehemu ya tano ya gramu, ilipita njia hiyo hiyo: habari za laana yake zilikuzwa na magazeti mwanzoni mwa karne ya 20, na sonara Pierre Cartier akazitumia kumvutia Evalyn Walsh McLean, tajiri wa Marekani aliyeinunua mwaka 1911.

Misiba ya Merelani nayo ingeweza kuitwa laana, kwani mafuriko ya mwaka 1998, na tena ya 2008, yaliua wachimbaji wengi. Lakini chanzo chake kinajulikana, nacho ni mvua kubwa iliyojaza mashimo membamba yenye kina kirefu. Muuzaji hunufaika na radi na laana, kwa maana zote mbili hukipa kito sifa, bali kinachomwokoa mchimbaji ni pampu, njia ya pili ya kutokea na tahadhari ya mvua. Na jiwe likishalaumiwa, hakuna anayeulizwa habari ya mashimo.