Kisahani Kinachozunguka Meza

Nenda Izimbya, Bukoba Vijijini, ukanunue mkungu wa ndizi kwa mwenye shamba, uone mzozo mdogo unaotangulia bei yenyewe.

"Shikamoo mama. Mkungu huu unauzaje?"

"Marahaba. Kwani wewe una ngapi, mwanangu?"

"Taja wewe, mali ni yako."

"Na mfuko ni wako."

Kila mmoja anamsukumia mwenzake zamu, na si kwa heshima. Atakayetaja kwanza amejianika. Wa pili anajibu akiwa ameshaona.

Mchezo wa poka umesimama juu ya mzozo huohuo, na una kifaa maalumu cha kuamua nani atakayenyamaza hadi mwisho. Ni kisahani cha plastiki, aghalabu cheupe, kinachoenea kiganjani. Hakina thamani ya fedha na hakishindaniwi. Kinawekwa mbele ya mchezaji mmoja kuonyesha kwamba mgao huu unahesabiwa kuwa wake, hata kama anayegawa karata kwa mikono ni mfanyakazi wa kasino. Mgao ukiisha, kinasogezwa kwa mtu wa kushoto. Kwa hiyo bahati ya kukaa nacho inamfikia kila mtu, ila wenye akili ndio wanaoitumia.

Poka inayochezwa zaidi siku hizi ni ile iitwayo Texas Hold'em. Mwaka 2007 Bunge la Texas liliutambua rasmi mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko mchezo huo ulikozaliwa, mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mchezaji anapewa karata 2 za siri. Watu 2 walio kushoto kwa kisahani wanatoa dau la lazima, mmoja dogo na mwingine kubwa, kabla hawajajua walichopata. Wanaofuata wanaamua mmoja baada ya mwingine: kutupa karata, kufuata dau, au kulipandisha. Kisha zinafunuliwa karata za wote katikati ya meza, kwanza 3, halafu 1, halafu 1 ya mwisho. Kila zinapofunuliwa, maamuzi yanaanza tena upande wa kushoto wa kisahani na kuzunguka. Mwenye kisahani, kama bado yumo, ndiye wa mwisho mara zote 3.

Chukua meza ya watu 9. Umeshika mzungu wa nne wa kopa na kumi ya shupaza. Kama wewe ndiye wa kwanza kuamua, nyuma yako kuna watu 8 ambao hawajasema neno, na yeyote kati yao anaweza kuwa na mzungu wa nne pamoja na ree, karata zitakazokumaliza polepole. Mchezaji makini anazitupa bila majuto. Sasa uwe na kisahani, na watu 6 waliokutangulia wawe wametupa zao. Wamebaki 2 tu, wale waliotoa dau la lazima wakiwa gizani. Karata zilezile sasa unazipandishia dau, na wakikufuata, watalazimika kusema kabla yako hadi mwisho. Jozi 1,326 za karata 2 zinawezekana kwenye kasha la karata 52. Katika kiti cha kwanza mtaalamu hucheza takriban sehemu moja kwa saba ya jozi hizo. Akiwa na kisahani, anakaribia nusu.

Faida hii imepimwa. Januari 2015, Michael Bowling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao, Cepheus, imeutatua mchezo wa watu 2 wenye dau lenye kikomo. Walitumia vichakato 4,800 kwa zaidi ya siku 68. Jibu: wote wawili wakicheza bila kosa, mwenye kisahani anashinda kwa wastani wa kama 0.088 ya dau kubwa kila mgao. Dau kubwa likiwa shilingi 1,000, hizo ni shilingi 88. Zinaonekana kidogo, lakini mpinzani hana ujanja wowote wa kuzizuia. Kinachomwokoa ni kwamba kisahani kitamfikia mgao unaofuata.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, haukutoka maabara. Mwaka 2007 binti wa Norway, Annette Obrestad, aliingia shindano la mtandaoni la watu 180 akiwa ameficha karata zake asizione. Alizichungulia mara moja tu. Alishinda. Alikuwa akisoma nani amesema nini kabla yake, na nani amesita. Septemba mwaka huohuo, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, akatwaa shindano kuu la Ulaya jijini London na pauni milioni 1.

Wacheza karata za turufu wa Kagera hawahitaji kuelezwa haya. Wakicheza 4, wawili kwa wawili, mtu wa mwisho ameshaona karata 3 mezani. Mwenzake akiwa anaongoza, anamjazia pointi. Adui akiongoza, anatupa takataka, au anakata kwa turufu kama ree imeanguka. Bao ni habari nyingine, kwa sababu kete zote ziko wazi na hakuna cha kuchungulia. Binamu yake wa Afrika Magharibi, awari, ulitatuliwa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Amsterdam kwa kukagua hali zaidi ya bilioni 889: wote wakicheza sawasawa, anayeanza na anayefuata wanatoka sare.

Kisahani kinahama, lakini jirani hahami. Ndiyo maana wacheza poka wazoefu wanataka kukaa kushoto kwa yule mtu wa fujo anayepandisha dau kila mara, ili karibu kila mgao awe ameshasema kabla yao. Mashindanoni viti hupangwa kwa kura. Kwenye meza za kawaida, kiti hicho kikiachwa wazi, utaona mtu anakusanya vibao vyake vya dau na kumwomba msimamizi ahamie.