Je, Wajua? Mizani, Kadi na Uji wa Mtoto

Je, wajua kwamba kadi ya kliniki anayoikunja mama wa Murusagamba, kule Ngara mpakani na Burundi, chimbuko lake ni kijiji cha Nigeria? Ni Imesi-Ile, ambako katika miaka ya 1950 daktari Mwingereza David Morley aliona watoto wakikonda taratibu bila mtu kushtuka. Alibuni kadi yenye mchoro wa uzito, akamwachia mama mwenyewe aitunze nyumbani. Uamuzi huo ndio mkubwa kuliko mchoro wenyewe, maana habari za mtoto zilitoka kabatini mwa hospitali zikawa mkononi mwa aliyemzaa. Kadi za Tanzania kwa miaka mingi zilikuwa na rangi ya kijani, kijivu na nyekundu, na hata mama asiyejua kusoma aliona mwanawe anaelekea wapi.

Mizani ilitangulia. Mwaka 1892 jijini Paris, Dkt. Pierre Budin alianza kuwaita wazazi waliojifungulia hospitalini kwake warudi kupimisha vichanga. Miaka miwili baadaye Dkt. Léon Dufour wa Fécamp alifungua kituo cha kugawa maziwa salama kwa watoto waliokosa ziwa la mama.

Kwetu Afrika Mashariki, mmisionari Katharine Cook alianzisha shule ya wakunga Mengo, Kampala, na hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ikafuata mwaka 1926. Tanzania ilipanga huduma za mama na mtoto nchi nzima mwaka 1974. Malipo hospitalini yalipoanza mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa, ingawa mama maskini bado huambiwa aje na glavu zake, na hilo linauma. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianza kwa majaribio Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha kwa sharti, pamoja na mengine, la kupeleka watoto kliniki.

Lakini linalostahili kusimuliwa zaidi ni la mkoa wa Iringa, Tanzania. Kuanzia mwaka 1983, katika vijiji 168, watoto walipimwa kijijini kwao, kisha wanakijiji wakakaa kujadili kwa nini fulani amepungua. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 mwaka 1984 hadi 1.8 mwaka 1988. Silaha mojawapo ilikuwa kimea, kilekile cha pombe. Uji mzito humshinda mtoto, na ukiongezwa maji anashiba maji matupu. Basi ulezi hulowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko cha unga huo kikikorogwa ndani ya uji mzito ulio vuguvugu, uji hulainika baada ya dakika chache bila kuongeza tone la maji, na mtoto anaumaliza na nguvu yake yote.