Fonografu za Kale na Vifaa Vyake vya Asili

Watu wengi wameona gramafoni inayotiwa ufunguo kwa mkono ili ipige sahani za santuri. Lakini kabla ya gramafoni palikuwa na fonografu, chombo alichobuni Bwana Thomas Edison huko Marekani katika mwaka wa 1877. Fonografu hiyo haikutumia sahani bali silinda, yaani kitu cha mviringo mfano wa kipande cha mwanzi. Silinda ya kwanza ilivikwa karatasi ya bati. Baadaye zikafanywa silinda za nta. Fonografu zilizosalia leo si nyingi, na mwenye kuipata yampasa ajue namna ilivyoundwa, kwa sababu kifaa kimoja kisicho chake chaweza kuharibu sauti isiyopatikana tena.

Tuchukue mfano wa ile iitwayo Edison Standard, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1898. Ndani ya sanduku lake la mbao mna kamani, ambayo hukazwa kwa mpini. Kamani inapolegea huizungusha silinda mara 160 kwa dakika, na parafujo ndefu hukipeleka kichwa cha sauti kutoka kushoto hadi kulia. Kichwa hicho kina kiwambo chembamba, na chini yake ncha ndogo ya yakuti. Ncha hupanda na kushuka katika mifereji iliyochorwa juu ya nta, kiwambo hutikisika, na pembe huikuza sauti.

Silinda za nta za mwanzo zilikuwa na mifereji 100 katika kila inchi, nazo zilipiga kwa muda wa dakika mbili hivi. Katika mwaka wa 1908 Edison alitoa silinda ziitwazo Amberol, zenye mifereji 200 kwa inchi, zikapiga kwa dakika nne. Ili kuzipiga, fonografu ilihitaji magurudumu mengine ya meno na kichwa kingine. Kichwa chenye herufi C ni cha silinda za dakika mbili. Chenye herufi H ni cha zile za dakika nne. Ncha ya C ni nene, haiwezi kuingia katika mfereji mwembamba wa Amberol. Badala ya kuusoma huukwaruza, na nta iliyokwaruzwa haiponi.

Basi mtu akitaka kununua fonografu ya kale, aangalie mambo haya:

Kwanza, kibati cha jina chenye namba ya chombo kiwe mahali pake.

Pili, asome herufi ya kichwa cha sauti, aone kama inapatana na silinda alizo nazo.

Tatu, atazame rangi nyeusi ya chuma na mistari yake ya mapambo. Rangi ya asili, hata ikiwa imechakaa, ni bora kuliko rangi mpya. Kwa hiyo asiipake upya wala kuisugua.

Nne, asiikatae fonografu kwa sababu ya pembe kubwa tu. Wenye fonografu wengi wa zamani walinunua pembe kubwa baadaye, badala ya ile ndogo iliyokuja na chombo.

Aangalie pia asiuziwe gramafoni za bandia, zilizoungwa kwa vipande vya zamani na vipya, kisha zikatiwa pembe ya shaba nyembamba inayong'aa na alama ya mbwa anayesikiliza. Mara nyingi mtambo wake umetolewa katika gramafoni ndogo ya kusafiria.

Jambo hili latuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki pia. Katika mwaka wa 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, akanasa nyimbo za wenyeji kwa fonografu juu ya silinda za nta. Sauti za namna hiyo zimehifadhiwa Berlin, katika nyumba ya kumbukumbu za sauti iliyoanzishwa mwaka wa 1900. Waimbaji wale wamekwisha kufa, ila nta ingali na sauti zao.

Kwa hiyo aonaye silinda ya kale nyumbani kwa wazee asiijaribu kwa kichwa chochote kilicho karibu. Aishike kwa kutia vidole ndani yake, asiguse upande wenye mifereji. Aiweke mbali na jua na unyevu, maana joto huyeyusha nta na kuvu huila. Kisha aipeleke kwa mtu ajuaye kazi hiyo.